Paka wa Lamu na Nasaba ya Baharini

Mgeni akifika Amu, yaani Lamu, huuziwa hadithi ya paka kabla hajauziwa kofia. Huambiwa kwamba hawa anaowaona wamejinyoosha barazani na kwenye kuta za gati si paka wa hivi hivi. Ni kizazi cha paka wa Mafirauni. Kwao Misri walichanganyika na paka wengine hadi sura yao ikapotea, ila hapa kisiwani, kwa kuzungukwa na maji, walibaki kama walivyochongwa katika mawe ya kale.

Ushahidi wa hadithi hiyo ni wa macho, na macho hayadanganyi moja kwa moja. Paka wa Lamu ana miguu mirefu, kiwiliwili chembamba, shingo ndefu, kichwa kidogo na masikio makubwa yaliyosimama. Mweke kando ya sanamu za shaba za Bastet, mungu paka wa Misri ya kale, zile zilizomo katika majumba ya makumbusho ya Cairo na London, utaona kweli wanafanana. Mwaka 1998 Jack Couffer, Mmarekani mtengenezaji wa filamu aliyeishi Kenya, alichapisha kitabu kiitwacho The Cats of Lamu, na sifa za paka hawa zikafika mbali zaidi ya pale jahazi lolote lilipowahi kufika.

Hadithi ni tamu, lakini inawatoa paka wa Lamu katika historia ya Lamu yenyewe. Inawafanya wakimbizi wa ufalme wa mbali, wakati visiwa walimozaliwa vina miaka zaidi ya elfu moja ya kupokea watu, mazao, maneno na wanyama kutoka ng'ambo. Ukiifuata historia hiyo hatua kwa hatua, paka hugeuka kuwa shahidi wa mambo makubwa kuliko Firauni.

Panya kwanza

Paka wote wa nyumbani duniani, wa Siam, wa London na wa Pate, wametokana na paka pori mdogo wa rangi ya mchanga, ambaye wataalamu humwita Felis lybica. Hadi leo anaishi Afrika na Asia ya Magharibi, na Kenya bara yupo. Kama miaka 10,000 iliyopita, katika nchi zilizo mashariki ya bahari ya Mediterania, watu walianza kulima na kuweka nafaka ghalani. Nafaka ikavuta panya, panya wakavuta paka. Hakuna aliyemkamata paka akamfuga kwa nguvu, alijileta mwenyewe kwa sababu chakula kilikuwa kingi, na mkulima akamwachia kwa sababu alimfaa.

Katika kisiwa cha Cyprus wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kaburi la miaka ipatayo 9,500 ambamo paka alizikwa karibu kabisa na binadamu. Kisiwa kile hakikuwa na paka pori wa asili. Paka yule, au wazazi wake, walivushwa kwa chombo. Kwa hiyo safari ya kwanza ya paka tunayoweza kuitolea ushahidi ilikuwa safari ya baharini, na mwisho wake ulikuwa kisiwani. Sanamu za Misri na maelfu ya paka waliokaushwa na kuzikwa kwa heshima katika mji wa Bubastis ni mambo yaliyokuja baadaye sana.

Je, merikebu za Misri hazikuweza kuleta paka huku? Njia ilikuwapo. Katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa, mfanyabiashara aliyeandika kwa Kigiriki alieleza safari ya kutoka bandari za Misri katika Bahari ya Shamu hadi pwani aliyoiita Azania. Alitaja visiwa vya Pyralaoi na mfereji wake, na wanahistoria kadhaa wameona hapo picha ya visiwa vya Lamu. Lakini merikebu kupita ni jambo moja, na paka kuzaliana ni jambo jingine. Paka wa nyumbani hujenga ukoo pale penye ghala, jiko na jaa, yaani penye mji.

Na miji ya visiwa hivi tunaijua umri wake. Shanga, katika kisiwa cha Pate, ilianza kuchimbwa na Mark Horton mwaka 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, hadi kufikia ile ya miti na udongo ya karne ya 8. Manda nako, alikochimba Neville Chittick katika miaka ya 1960, vilitoka vigae vya vyombo vilivyofinyangwa katika nchi za Ghuba ya Uajemi. Waliokuja kufanya biashara walitoka Siraf, Oman na pwani ya Sindi. Hao ndio walioleta vyombo vyenye shehena, na shehena ndiyo iliyoleta panya.

Panya mweusi wa majumbani asili yake ni Bara Hindi. Mifupa yake imepatikana Unguja Ukuu, mji wa kale wa kusini ya Unguja, katika tabaka za karne zake za mwanzo. Hakutembea kwa miguu, alijificha katikati ya magunia. Alikofika panya wa namna hiyo, nahodha na mwenye duka walikuwa na haja moja.

Mnyama wa chombo

Anayelijua jahazi anajua kwa nini paka hakuwa pambo. Ngamani mlipangwa mchele, mtama, tende na papa mkavu, na juu yake kamba za makumbi na matanga ya akiba. Panya akiingia hali chakula tu, hutafuna kamba, hutoboa tanga, huharibu mzigo wa mtu ambaye bei imeshakatwa. Safari ya kutoka Muscat au Basra ilikuwa ya majuma kadhaa, na paka mmoja chomboni aliokoa zaidi ya alichokula.

Tena pepo za bahari hii zina desturi ya kuwafanya wageni wakae. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba hadi Machi, vyombo vilishuka kutoka Arabuni, Uajemi na Hindi. Kurudi kulihitaji Kusi. Kati ya pepo hizo mbili nahodha alikuwa na miezi ya kungoja: kuuza, kununua boriti za mikoko, kukarabati chombo, mara nyingine kuoa. Wanadamu walipopata muda wa kuchanganya damu, paka wao hawakukosa. Dume aliyeshuka gatini usiku hakuwa na sababu ya kurudi kabla tanga halijapandishwa, na jike aliyezaa ngamani aliacha watoto bandari yoyote ile.

Jambo hili halikutokea mara moja. Lilirudiwa kila msimu kwa karne nyingi. Biashara ya boriti kati ya Lamu na Ghuba iliendelea hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982, ingawa majahazi yalikuwa yameshapungua. Na haikuwa njia ya paka peke yao. Kuku, mbuzi na ng'ombe wa nundu walisafiri katika bahari hiyo hiyo, na mwaka 1415 twiga aliyetumwa kutoka Malindi alifikishwa hadi katika baraza la mfalme wa Uchina. Pwani iliyoweza kumpakia twiga haikushindwa kumpakia paka.

Kwa nini paka na si mbwa

Ukizunguka mitaa ya Mkomani na Langoni utahesabu paka hadi uchoke, na huenda usione mbwa hata mmoja. Sababu ni ya kidini na inajulikana. Watu wa Amu hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Paka kinyume chake. Katika hadithi iliyopokewa kutoka kwa Abu Qatada, Mtume alifundisha kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaozungukazunguka kati yetu majumbani. Na sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote, Abu Huraira, alipewa jina hilo kwa ajili ya kitoto cha paka alichokuwa akikibeba. Kwa hiyo paka wa Amu huingia hadi msikitini akalala juu ya jamvi, na hakuna anayemtoa kwa fimbo. Waswahili wana methali: paka wa nyumba haingwa.

Hata hivyo, Uislamu haukumfungia mbwa mlango wote. Sura ya Al-Maida inaruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda, na Mabedui wa Arabuni walimtukuza mbwa wao wa mbio, saluki, wakamweka hemani na kumtaja kwa nasaba kama wanavyomtaja farasi. Saluki ana mwili mwembamba, kifua kirefu, na manyoya laini yanayoning'inia masikioni na mkiani. Ndugu yake wa milimani, mbwa wa Afghanistan, amefunikwa manyoya marefu ya hariri kutoka kichwani hadi miguuni. Hao ni wanyama wa nchi pana, wa kukimbiza sungura na paa kwa macho. Katika vichochoro vya Amu ambamo punda wawili hupishana kwa shida, mbwa wa mbio hana pa kukimbilia.

Nawataja mbwa hao kwa sababu historia yao inatusaidia kuwaelewa paka wetu. Mwaka 1895 Florence Amherst wa Uingereza alipata saluki wake wa kwanza kutoka Misri. Akawazalisha, akawapigania, na mwaka 1923 chama cha mbwa cha Uingereza kikawakubali kuwa mbegu rasmi. Mbwa wa Afghanistan walifika kwa mikupuo miwili. Bell-Murray alileta wa nyanda kame mnamo 1920, wenye manyoya machache. Mary Amps alileta kutoka Kabul mwaka 1925 wale wa milimani, wenye manyoya mazito. Mbwa wachache waliopanda meli wakawa wazee wa maelfu ya mbwa wa maonyesho duniani. Mbegu rasmi huzaliwa hivyo: mtu huchagua wachache, huwafungulia daftari, kisha hufunga mlango.

Umbo lililofinyangwa na kisiwa

Paka wa Lamu hawakuwahi kufunguliwa daftari. Simama asubuhi karibu na soko, mbele ya ngome iliyokamilishwa mnamo 1821, pale mchuuzi anapopara samaki. Kisu kikigusa mkia wa changu, paka watano wako chini ya meza na hakuna aliyelia. Wa kwanza ni wa milia ya kijivu, wa pili mweupe mwenye mabaka meusi. Jike wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, amekaa mbali kidogo na wenzake na mkia ameuzungusha miguuni. Dume wa rangi ya chungwa mwenye masikio yaliyochanika ndiye paka shume wa mtaa. Matumbo ya samaki yanapotupwa, yeye hunyanyuka wa kwanza na wengine humpisha. Mashavu yakitupwa, jike huyachukua bila kukimbia, akaondoka nayo ukutani.

Hapo rangi zote zipo, na hilo peke yake ni dalili. Ukoo uliofungiwa kisiwani kutoka kwa wazazi wachache huelekea kufanana rangi. Ukoo ulioongezewa damu mpya kila Kaskazi huwa na kila rangi iliyowahi kupanda chombo. Kinachofanana ni umbo, na umbo lina sababu zake. Lamu iko takriban nyuzi mbili tu kusini ya ikweta, joto na unyevu havipungui usiku wala mchana. Katika nchi za joto mwili mwembamba wenye miguu na masikio marefu hupoteza joto upesi kuliko mwili mnene, na manyoya mafupi yasiyo na sufi ya ndani hayamlemei mnyama. Paka mnene wa kizungu mwenye manyoya ya kupeperuka angetaabika hapa. Kizazi baada ya kizazi, waliofaa ndio waliozaa.

Lakini tusifichane. Wembamba mwingine si wa nasaba wala wa hewa. Ni wa njaa na minyoo. Paka wa Lamu aliyechukuliwa kitoto, akapewa dawa na kulishwa nyama kila siku, hubaki na miguu mirefu na kichwa kidogo, ila mbavu zake hazionekani tena. Sehemu ya sura inayopigwa picha ikaitwa ya Kifirauni ni ugonjwa unaotibika.

Kutoka Watamu hadi Denmark

Jaribio la kumtia paka wa pwani yetu katika daftari lilifanyika, ila si Lamu. Mwaka 1978, karibu na Watamu, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, Jeni Slater alikuta paka jike na watoto wake katika shamba lake la minazi. Manyoya yao yalikuwa mafupi, yenye mabaka ya kahawia yaliyozunguka mbavuni na chembechembe za rangi nyepesi juu yake. Wagiriama walimjua paka huyo tangu zamani na kumwita kadzonzo, kwa kuwa rangi yake ni kama ya gome la mti. Slater akachukua watoto wawili akawalea. Mwaka 1984 rafiki yake, Gloria Moeldrup, alipeleka baadhi ya uzao wao Denmark, na miaka kumi baadaye, 1994, shirikisho la kimataifa la wafuga paka, FIFe, likamtambua rasmi kwa jina la Sokoke.

Wazungu walimpokea kwa hadithi yake naye. Kwao hakuwa paka wa nyumbani hata kidogo, alikuwa mnyama wa msituni, labda mbegu mpya kabisa isiyojulikana na sayansi. Kama ilivyo kwa Firauni wa Lamu, hadithi ilihitaji mahali pa ajabu pa kutokea. Na kama ilivyokuwa kwa mbwa wa Afghanistan, wanyama walioondoka walikuwa wachache mno. Paka wa Denmark wakaanza kuzaliana ndugu kwa ndugu, na wafugaji wakalazimika kurudi Kenya kutafuta damu mpya. Daftari lililofungwa mapema lilihitaji kufunguliwa tena.

Damu inasemaje

Jibu kuhusu nasaba lilitoka maabara. Mwaka 2008 kundi la wataalamu wakiongozwa na Leslie Lyons, wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya paka zaidi ya 1,100 kutoka mabara matano: makundi 17 ya paka wa mitaani na mbegu 22 za daftari. Paka wa Lamu na wa Pate walikuwamo.

Kadzonzo wa Arabuko-Sokoke alionekana kuwa jamaa wa karibu wa paka wa Lamu na Pate. Si mnyama wa msituni wala si mbegu ngeni. Ni paka wa pwani aliyehamia pembeni ya msitu. Na paka hawa wa pwani, wote kwa pamoja, hawakuangukia upande wa Misri. Jamaa zao wako upande wa Asia, katika nchi zinazotazamana nasi kuvuka Bahari ya Hindi. Wataalamu wale wale walipoendelea kuyapanga makundi ya paka wa dunia, walilipa moja la makundi hayo jina la Bahari ya Arabuni.

Kwa maneno mengine, vinasaba vimechora ramani ile ile ya Kaskazi na Kusi. Mahali kulikotoka tende, mazulia na manahodha ndiko walikotoka paka. Mtu wa Amu ambaye babu yake mmoja ni wa Hadhramaut, mwingine wa Pate na bibi yake wa bara hatashangazwa na jibu hilo, kwani paka wake wana historia kama yake.

Uchunguzi wa namna hii umekwisha kuzivunja hadithi nyingine za Kifirauni. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichunguza mbegu 85 za mbwa. Mbwa aitwaye Pharaoh Hound, ambaye kwa miaka mingi alisifiwa kuwa ndiye yule wa michoro ya makaburi ya Misri, alikutwa hana ukale wowote katika damu. Kwao ni Malta, na mbegu yake ni ya juzi. Saluki na mbwa wa Afghanistan, walioishi na Mabedui na wachungaji bila kutangaza ufalme wowote, ndio waliokutwa katika kundi la mbegu kongwe. Jina la mnyama si hati ya kuzaliwa.

Afya ya asiye na daftari

Kukosa daftari kumewapa paka wa Lamu faida moja kubwa. Mbegu zilizofungwa hurithishana magonjwa. Mbwa wa Afghanistan, pamoja na uzuri wao, wana mwelekeo wa kupata mtoto wa jicho, tezi ya shingo kulegea, na ugonjwa wa uti wa mgongo unaomlemaza mbwa akiwa bado kijana. Zaidi ya hayo manyoya yao hutaka kuoshwa na kuchanwa kwa saa nyingi, la sivyo husokotana na kuozesha ngozi. Ukoo wa paka wa Lamu ni mpana, na aliyezaliwa na kasoro kubwa hakai kuzaa.

Faida hiyo ina bei yake, na hulipwa na kila paka mmoja mmoja. Watoto wengi hufa kabla ya mwaka. Minyoo ya tumbo huwanyonya damu, viroboto na upele huwamaliza manyoya, mafua ya paka huwaziba macho na pua. Madume hupigana, na katika kuumana huambukizana virusi vinavyopunguza kinga ya mwili. Paka weupe wana mtihani wa peke yao: jua la ikweta huunguza ncha za masikio yasiyo na rangi, na kidonda kisichopona hapo mara nyingi ni saratani ya ngozi.

Chakula nacho si salama kama kinavyoonekana. Utumbo na mabaki ya samaki mbichi yakiwa ndiyo chakula pekee, paka anaweza kupungukiwa na vitamini B1, kwa kuwa baadhi ya samaki wana kemikali inayoivunja, na dalili zake ni kuyumba na kutetemeka. Maziwa anayopewa kwa huruma humharisha paka mzima. Nyama ya ng'ombe kidogo juu ya samaki humfaa zaidi.

Tatizo kubwa kuliko yote ni wingi. Katika nchi za baridi paka jike hupumzika kuzaa wakati wa siku fupi. Hapa mchana na usiku hulingana mwaka mzima, basi jike huingia joto wakati wowote, hubeba mimba kwa miezi miwili na siku chache, na anaweza kubeba nyingine kabla hajawaachisha watoto. Chakula cha soko hakiongezeki kwa kasi hiyo. Njia iliyothibitika ni kuwakamata, kuwahasi madume na kuwafunga kizazi majike, kuwachanja, kukata ncha ya sikio moja ili wajulikane, kisha kuwarudisha mtaani mwao. Kuwaua hakusaidii, kwani mtaa ulioachwa wazi hujazwa na paka wengine baada ya miezi michache, na panya hawangoji hata hiyo miezi.

Lamu ina mfano wa karibu wa kuuigiza. Baada ya Elisabeth Svendsen wa Uingereza kuiona hali ya punda wa kisiwa hiki, shirika lake lilifungua hapa kituo cha kuwatibu mwaka 1987. Punda huletwa na wenyewe, hupewa dawa ya minyoo na kufungwa vidonda, na kubwa zaidi, wenyewe wamejifunza kuwatunza. Punda hubeba mawe na mchanga, faida yake huonekana kwa macho. Ya paka haionekani kwa sababu ni ya kitu ambacho hakikutokea: gunia ambalo halikutobolewa. Ndiyo maana kuwatibu kumetegemea zaidi hisani ya watu wachache.

Chanjo, hata hivyo, ni jambo la watu kama lilivyo la wanyama. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Anayeumwa au kuparurwa na paka asiyemjua aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wa kwetu

Mwaka 2001 UNESCO iliuandika Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Walioutathmini walitazama nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi na maisha yasiyokatika. Paka hawakuhesabiwa, na si ajabu, kwa kuwa hakuna aliyewaleta kwa makusudi ya kuacha kumbukumbu. Lakini kwa karne nyingi wamefanya ndani ya mji kazi ile ile waliyoifanya ngamani.

Sasa bandari mpya ya maji marefu imejengwa upande wa bara, na gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021. Meli za makontena hazingojei Kusi, na mabaharia wake hawabebi paka. Mlango ulioleta damu mpya kila msimu umefungwa na mashine, wakati huo huo wageni wenye nyumba katika kijiji cha Shela wanaleta paka wa manyoya marefu kutoka Nairobi na Ulaya. Yumkini siku moja mtu atapendekeza kuwachagua wachache wenye shingo ndefu zaidi, kuwafungulia daftari na kuwauza kwa jina la Firauni. Soko litakuwapo. Mbwa wa Afghanistan na kadzonzo wa Watamu wanatuonyesha gharama yake: umbo hubaki, upana wa damu hupotea, na baada ya vizazi vichache mwenye daftari hurudi pwani kutafuta kile alichokiacha.

Hadithi ya Firauni imewapendeza wageni kwa sababu inawapa paka wa Lamu ufalme. Hawakuwa na haja nao. Wana mji wao na bahari yao, na ukoo wao unaenea kutoka Sindi hadi Watamu. Kinachobaki kwa watu wa Amu ni kazi ndogo na ya gharama nafuu: dawa ya minyoo, chanjo, na kisu cha daktari wa mifugo kwa majike, kabla hawajawa wengi kuliko samaki wa kuwalisha.